Kuuza violezo, fonti na vekta wakati kila mteja ana bando: mwongozo kamili

"Kaka, zile kanga zako nimezikuta kule ninakolipia kwa mwezi. Si ungeniambia mapema nisitoe hela?"

Ujumbe huo uliniingia WhatsApp usiku mmoja kutoka kwa dada mwenye duka la uchapaji, mteja wangu wa miaka. Wiki moja kabla alikuwa amenilipa dola 18 kwa seti ya michoro 24 ya kanga, kila mmoja na pindo lake na mji wake (sehemu ya katikati), sehemu ya jina ikiwa wazi ili mtu aandike msemo anaoutaka. Seti hiyohiyo nilikuwa nimeipakia mwenyewe kwenye jukwaa la usajili wa kila mwezi, nikajiambia "hela ya ziada haikataliwi". Dada hakukosea. Mimi ndiye niliyepakia kwanza, nikapiga hesabu baadaye.

Haya yanayofuata ndiyo hesabu hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu anionyeshe wakati ule. Nimeyaandika kwa ajili ya wanaouza faili: violezo vya mitandao ya kijamii, kadi, fonti, aikoni, vekta (michoro isiyopoteza ubora ikikuzwa), brashi, picha za kuonyeshea kazi kwenye kikombe au fulana. Usajili nitauita bando, maana unafanya kazi vilevile. Ukishanunua bando la intaneti huulizi kila video ina bei gani, unafungua tu. Mteja aliyelipia mwezi mzima wa faili haoni tena bei ya kazi yako. Kwake faili inayofuata ni ya bure, na hata akichukua asiyoihitaji hapotezi kitu.

Tulifikaje hapa

Kwa ufupi tu, kwa sababu inasaidia kujua unacheza na nani. Maktaba za picha zilianza mapema: Shutterstock ilifunguliwa 2003 ikiwa na usajili tangu mwanzo. Kwenye fonti, Typekit ilianza 2009, Adobe ikainunua 2011, na tangu 2018 inaitwa Adobe Fonts. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba programu zake mpya hazitauzwa tena kwa kulipia mara moja, ni kwa mwezi. Hapo wabunifu wenyewe wakazoea kulipa kwa mwezi, na haikuchukua muda wakaanza kutaka malighafi zao nazo ziwe hivyo. Envato ya Australia, iliyokuwa ikiuza kazi moja moja tangu 2006, ikafungua Elements mwaka 2016: lipa kwa mwezi, pakua bila kikomo. Creative Fabrica ya Amsterdam ilianza mwaka huohuo wa 2016 na ikapata wateja wengi wa kazi za mikono na fonti. Mwaka 2024 Shutterstock ikainunua Envato kwa dola milioni 245, na Januari 2025 Getty Images na Shutterstock zikatangaza mpango wa kuungana.

Kwa muuzaji hii ina maana kwamba milango inapungua. Jukwaa ulilojiunga nalo likiwa dogo na la kirafiki linaweza kuamka kesho lina mwenye mali mwingine na jedwali jipya la malipo. Usijenge biashara yako yote ndani ya mlango mmoja.

Hatua ya 1: Jua hela inagawanywa vipi, kabla ya kuuliza ni kiasi gani

Watu huulizana vijiweni "kule wanalipa ngapi?" Swali hilo halina jibu mpaka ujue njia ya mgawanyo. Ziko tatu kubwa, na kazi ileile inaweza kukulisha kwenye njia moja na kukufukarisha kwenye nyingine.

Njia ya kwanza ni kiwango kwa kila upakuaji. Adobe Stock hukupa asilimia 33 ya bei kwa picha na vekta, na kwenye usajili imeweka sakafu, yaani malipo ya chini kabisa, inayoanzia senti 33 za dola kwa faili. Shutterstock ilibadilisha mfumo wake Juni 2020: ikaweka madaraja, kutoka asilimia 15 hadi 40 kulingana na umeuza mara ngapi, na kila tarehe 1 Januari wote hurudi daraja la chini kuanza kupanda upya. Sakafu yake ikawa senti 10. Wapigapicha wengi walizima maktaba zao kwa hasira wakati ule. Zingatia hilo la Januari: kama uko kwenye mfumo wa madaraja, mapato ya miezi ya mwanzo wa mwaka hayafanani na ya mwisho wa mwaka hata idadi ya wateja ikiwa ileile. Usiweke mkopo wa kompyuta mpya juu ya mapato ya Novemba.

Njia ya pili ni chungu kimoja. Jukwaa hukusanya hela za wasajili wote, hutoa sehemu yake, kinachobaki hugawanywa kwa jumla ya vipakuliwa vyote. Ya tatu ni mgawanyo kwa kila msajili: hela ya mteja mmoja hugawanywa kwa zile kazi tu alizochukua yeye. Elements ilianza kwa njia hii ya tatu, nusu ya mapato halisi ya usajili ikienda kwa waundaji.

Tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyonifumbua macho, kwa hiyo tuipige polepole. Tuseme kuna wasajili wawili tu, Asha na Juma, na kila mmoja hela yake ikishakatwa inaacha dola 8 za waundaji. Asha ni mchapaji, kwa mwezi anachukua faili 2. Juma ana ofisi ya matangazo na vijana wanne, wanapakua faili 38.

Kwenye chungu kimoja: dola 16 kwa faili 40, kila faili senti 40. Haijalishi aliyekupakua ni nani.

Kwa kila msajili: faili aliyoichukua Asha inalipa dola 4. Aliyoichukua Juma inalipa senti 21.

Kama wateja wako ni akina Asha, watu wanaokuja kutafuta kitu mahususi na kuondoka, chungu kimoja kinakunyang'anya dola 3 na senti 60 kwenye kila faili na kumpa mtu anayechora mandhari za kujaza nafasi. Kama unachora mandhari hizo, mambo ni kinyume. Kanga zangu zilikuwa za akina Asha, na jukwaa nililozipeleka lilikuwa la chungu. Sikuwa nimesoma.

Yapo pia majukwaa yasiyohesabu kupakuliwa kabisa, yanahesabu kutumika: kazi yako ikiwekwa ndani ya kadi na kadi ikahifadhiwa, ndipo unapata. Huko vitu vidogo vinavyorudiwarudiwa, mshale, fremu, ua la kona, huenda mbali kuliko kiolezo kizuri kilichokamilika.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa malipo wa jukwaa unalolifikiria, tafuta ni ipi kati ya hizi, uiandike kwenye karatasi. Wakiwa wameificha kwa maneno ya mviringo, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 2: Fungua daftari lako mwenyewe

Lahajedwali ya bure inatosha. Kila kazi ipewe mstari wake: saa ulizotumia, tarehe ya kuipakia, mauzo ya moja moja kwa mwezi, hela iliyobaki mkononi baada ya makato kwa kila uzo, vipakuliwa vya bando, hela ya bando. Saa ziandike kwa ukweli, pamoja na zile za kutengeneza picha za maonyesho na kujaza maelezo, ambazo kwangu hufika theluthi ya kazi yote.

Halafu piga hivi. Tuseme seti moja ilikuchukua saa 20. Unaiuza dola 18, mkononi zinabaki 16, na unauza 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni mauzo 36, dola 576, karibu dola 29 kwa saa. Seti hiyo ukiipeleka kwenye bando ikapakuliwa mara 110 kwa mwezi kwa wastani wa senti 25, utapata dola 330 kwa mwaka. Wengi huishia hapo na kusema 576 jumlisha 330, tajiri!

Hazijumlishiki hivyo, kwa sababu baadhi ya wanunuzi wako ni walewale wenye bando. Chukua mapato ya bando ya mwaka, gawa kwa kile kinachobaki mkononi kwa uzo moja: 330 gawa kwa 16 ni 20 na ushee. Hiyo ndiyo idadi ya mauzo unayoweza kupoteza kwa mwaka bila kuumia. Ukipoteza 12 kati ya 36, bado uko mbele: 384 na 330 ni 714. Ukipoteza 24, umebaki na 192 na 330, jumla 522, chini ya ulikoanzia, na sasa unajibu maswali ya watu wengi mara kumi.

Hutajua utapoteza wangapi mpaka ujaribu. Ndiyo sababu unajaribu na kazi moja, ukaiangalia kwa miezi minne au mitano, badala ya kumwaga kabati zima kama nilivyofanya mimi. Miezi miwili haitoshi, maana majukwaa mengi huipa kazi mpya nafasi ya mbele kwa muda, kisha huizika.

Hatua ya 3: Gawa kabati

Baada ya daftari, panga kazi zako kwa swali moja: mteja akiikosa hii, atachukua ya jirani bila kujali?

Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni kazi ya bando. Violezo vya tangazo la punguzo la Ijumaa, fremu za picha, seti za aikoni za simu na bahasha, mandhari ya rangi za maji, kadi ya biashara ya kinyozi. Mteja wa vitu hivi hakujui na hatakujua. Mtu hatalipa dola 12 kwa aikoni ya bahasha wakati amezungukwa na bahasha. Huko kwenye bando angalau zinakusanya senti.

Kama jibu ni hapana, kwamba mtu anaitafuta hiyo kwa jina au kwa sababu haipo kwingine, izuie isiingie kwenye bando. Kanga zangu zilikuwa kundi hili. Vivyo hivyo violezo vya kadi za mchango wa harusi, vyenye nafasi ya jina la mchangiaji, kiasi, tarehe ya mwisho na namba za kutuma hela. Mbunifu wa Málaga au Melbourne hajui kwamba kitu kama hicho kipo duniani. Hapa Dar es Salaam kila Jumamosi watu wanazitafuta, pamoja na za sendofu na kicheni pati, na wanazitaka kwa Kiswahili kilichonyooka. Kazi ya namna hii ukiitupa kwenye chungu unaiuza kwa bei ya bahasha.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: kazi uliyomchorea mteja fulani. Hata kama alikulipa kidogo, usiikate ukaigeuza kiolezo mpaka makubaliano yenu yakuruhusu kwa maandishi.

Na hapa niseme neno kuhusu kanga, kwa sababu naona vijana wanaponzwa. Kununua kanga mtaa wa Uhuru, kuipiga picha na kuifuatisha mstari kwa mstari ni kuchukua kazi ya kiwanda na mchoraji wake. Umbo la korosho ni la watu wote, mpangilio wa pindo na mji ni wa watu wote, methali kongwe ni ya watu wote. Mchoro ule mahususi una mwenyewe. Karibu kila mkataba wa jukwaa una kifungu kinachosema mzigo wa madai ukija utabebwa na wewe uliyepakia.

Fonti zina sheria zao

Fonti nimezitenga makusudi. Hela ya fonti haitoki sana kwenye ile leseni ya kwanza ya kompyuta moja. Inatoka kampuni inapokua: kompyuta 40 badala ya moja, kisha tovuti, kisha programu ya simu, kisha televisheni. Kila hatua ni leseni nyingine. Bando mara nyingi hulikunja lundo hilo lote likawa ada moja ya mwezi, na wewe unapata sehemu ya upakuaji mmoja.

Njia ambayo wachora fonti wengi wameizoea, na mimi ninaifuata, ni kuweka uzito mmoja au miwili (unene wa herufi, mwembamba au mnene) kwenye bando na kuiacha familia nzima dukani kwako. Mwenye kadi ya harusi atatosheka na uzito mmoja. Mwenye benki hatatosheka, atakutafuta. Hakikisha tu jina la fonti ni lilelile kote, ili akitafuta akupate.

Halafu, kama unachora fonti kwa ajili ya watu wetu, andika "ng'ombe" na "ng'ambo" kwa kila uzito uangalie hicho kibainishi kimekaa wapi. Fonti nyingi nzuri huacha shimo pale katikati kama jino lililong'oka. Weka pia ĩ na ũ kwa ajili ya Kikuyu na Kikamba. Ni kazi ya dakika chache ambayo mshindani wako wa mbali hataikumbuka, na inampa mchapaji wa Nairobi sababu ya kukulipa wewe.

Hatua ya 4: Soma mkataba ukiwa na kalamu

Mikataba hii ni mirefu na inachosha. Soma sehemu hizi hata kama utaacha nyingine.

Upekee. Kuna upekee wa kazi, kwamba faili hii usiiuze kwingine, na upekee wa mtu, kwamba wewe usiuze popote kwa aina hiyo ya kazi. Wa pili ni kufuli. Asilimia ya juu wanayokupa badala yake ilinganishe na daftari lako, usiilinganishe na matumaini.

Muda wa kutoka. Baadhi ya majukwaa hukuruhusu kuondoa kazi leo, mengine hudai taarifa ya mapema au hubaki na haki ya kuendelea kuionyesha kwa kipindi fulani. Liandike hilo pembeni ya jina la jukwaa kwenye daftari.

Mteja akiacha kulipia. Kwenye Elements, kazi aliyoisajili kwa mradi wake akiwa msajili anaendelea nayo, ila haruhusiwi kuanza mradi mpya na faili alizolimbikiza. Kanuni hii inakulinda, lakini nani atamkagua? Chukulia kwamba kilichopakuliwa kimeondoka.

Akili unde. Tafuta kama jukwaa linaruhusiwa kufundisha mashine kwa kazi zako, na kama unaweza kukataa. Adobe ilijenga Firefly, mashine yake ya kuunda picha, kwa kutumia maktaba ya Adobe Stock, na Septemba 2023 ikaanza kuwalipa waundaji bakshishi kwa hilo. Shutterstock nayo ilianzisha mfuko wa aina hiyo. Mimi binafsi kazi za kanga na fonti siziweki mahali ambapo siwezi kukataa. Aikoni za bahasha, wajifundishe.

Kiwango cha chini cha kutoa hela. Kama ni dola 50 na wewe unapata 6 kwa mwezi, utasubiri zaidi ya miezi minane kuiona.

Hatua ya 5: Kodi na njia ya hela, kabla ya faili ya kwanza

Jukwaa la Marekani litakutaka ujaze fomu W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko. Usiiruke. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mrabaha unaohesabiwa kuwa umetokea Marekani hukatwa asilimia 30. Kwa kawaida makato hayo hugusa sehemu inayotoka kwa wateja wa Marekani, siyo mauzo ya Ujerumani au Japani. Kwenye daftari tumia hela iliyobaki baada ya hapo. Nimeona watu wanalinganisha duka lao na bando wakitumia namba kabla ya makato upande mmoja na baada ya makato upande wa pili.

Kwa walio Kenya, PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, hivyo kutoa ni rahisi, ingawa kiwango cha kubadilisha dola kina ada ndani yake. Sheria ya fedha ya 2023 pia iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali. Sisi wa Tanzania tuna kazi zaidi ya kutafuta njia: wengi hutumia Payoneer kisha benki. Vyovyote ulivyo, fungua akaunti ya kupokea, ithibitishe kwa kitambulisho, pokea hata dola moja ya majaribio, ndipo uanze kupakia. Kazi mia moja zenye mapato yasiyotoka ni mateso ninayoyajua.

Hatua ya 6: Tengeneza tofauti kwa bando na kwa duka

Seti yangu ya kanga 24 ilikuwa faili moja. Dukani hilo ni jambo zuri: mteja anaona wingi, dola 18 zinakuwa rahisi. Kwenye malipo ya kila upakuaji ni kujiibia, kwa sababu michoro 24 inalipwa kama mmoja. Kazi ileile ikigawanywa seti sita za michoro minne ingekuwa na milango sita ya kuingilia, maneno sita ya utafutaji na malipo sita kwa mteja anayeitaka yote.

Usivuke mpaka, lakini. Ukipakia mchoro mmoja mara kumi kwa rangi kumi utakataliwa kwa kufanana, na wakaguzi wakikuchoka wanaweza kufunga akaunti.

Kwa kazi za bando, kasi ni muhimu kuliko ukamilifu. Jiwekee mfupa mmoja: ukubwa wa turubai, majina ya tabaka, mpangilio wa picha za maonyesho. Kisha kila kazi mpya ni kubadili nyama. Lenga saa 2 au 3, siyo 20. Ikikupita saa 5, jiulize kama haikuhamia kundi la kuzuiwa.

Kichwa cha kazi kiandike kama mteja anavyotafuta, siyo kama unavyojisikia. "Upepo wa Pwani" ni jina zuri na hakuna anayeliandika kwenye kisanduku. Picha ya jalada isomeke ikiwa ndogo kama kidole gumba; iangalie kwenye simu ya bei ya chini juani. Pakia kazi za msimu miezi miwili au mitatu kabla. Za Ramadhani zikiingia Ramadhani imeanza, umechelewa.

Dukani fanya kinyume. Kazi chache, zimekamilika: faili ya chanzo, PDF ya kuchapia, maelezo ya Kiswahili na Kiingereza, leseni inayosomeka kwa dakika moja. Gumroad, jukwaa la kufungulia duka lako la faili, ilipandisha makato yake hadi asilimia 10 mwaka 2023, na watu walilalamika, lakini asilimia 90 ya dola 18, kabla ya ada za kupitisha malipo, bado ni dola 16 na senti 20. Ingekulazimu faili yako ipakuliwe mara 50 Adobe Stock kwa senti 33 kuzifikia. Kwa wateja wa hapahapa hata duka la mtandaoni si lazima: katalogi ya WhatsApp, malipo ya simu, faili kwa kiungo cha Drive.

Duka lina kitu kingine ambacho bando halikupi, anwani za wanunuzi. Omba ruhusa ya kuwaandikia, waandikie mara moja kwa mwezi, usizidi. Kuweka kiungo cha duka ndani ya faili za bando angalia kwanza, majukwaa mengi hukataza.

Wengine huniuliza kuhusu kuanzisha bando lako mwenyewe, wateja wakulipe dola 5 kwa mwezi. Inawezekana, ila ujue unachoahidi: kitu kipya kila mwezi, ukiwa mzima au mgonjwa, umefiwa au umesafiri. Nilidumu nayo miezi saba.

Hatua ya 7: Kutoka bila kujikata mguu

Ukigundua kazi fulani imewekwa pasipo pake, usifute kabati zima kwa hasira. Ondoa robo kwanza, zile zenye tofauti kubwa kati ya hela ya bando na ya duka. Subiri miezi mitatu. Angalia kama mauzo ya duka yanapanda na kama kazi zilizobaki kwenye bando zimeshuka kwenye utafutaji, kwa sababu majukwaa hupenda akaunti zenye uhai na kazi moja huivuta nyingine. Kabla ya kuondoa, hifadhi takwimu zote. Ukurasa wa kazi ukifutwa, historia yake inaweza kufutika nao. Ukiirudisha baadaye itaanza kama mpya.

Mimi niliondoa kanga zote na fonti mbili, nikaacha aikoni na violezo vya mitandao. Aikoni zinaendelea kukusanya senti zake bila kunisumbua.

Yule dada nilimrudishia dola zake 18 usiku uleule. Wiki mbili baadaye akanipigia: ana tenda ya vitenge vya kikundi cha akina mama, anataka mchoro mmoja kati ya zile 24, rangi zibadilishwe, jina la kikundi likae pale kwenye nafasi ya msemo, na asiuone kwa mtu mwingine. Kwenye bando hakukuwa na wa kumfanyia hivyo. Tulikubaliana bei, akalipa nusu kwa simu kabla ya kukata.